Imani na Kufru: Usiharakishe Kumwita Muislamu Kafiri

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, neno "kafiri" limekuwa jepesi midomoni. Ndugu wa tumbo moja huitana hivyo kwa sababu ya kuhitilafiana katika maulidi au kwa mmoja kuzembea sala. Hukumu hii ikithibiti, huvunja ndoa, huzuia mirathi na humkosesha mtu maziko ya Kiislamu. Basi tuijue maana yake.

Kumjua Mwenyezi Mungu

Suratul Ikhlas, kwa aya 4 tu, inatufundisha kuwa Allah (S.W) ni Mmoja, viumbe vyote humtegemea, hana mzazi wala mtoto, wala hana wa kufanana naye. Watoto wetu chuoni huhifadhi sifa 20 zilizo wajibu kwake, ya mwanzo ikiwa ni Wujudi, yaani kuwepo kwake. Tofauti za wanavyuoni katika kuzifafanua sifa hizo hazikuwatoa wao katika Uislamu.

Imani na kufru

Imani ni kusadiki kwa moyo na kukiri kwa ulimi, na vitendo huikamilisha. Huzidi kwa twaa na hupungua kwa maasi. Kufru ni kukanusha lile linalojulikana kwa yakini kuwa ni la dini, kama kudai kuwa sala tano si faradhi. Anayezini au kulewa huku akikiri kuwa ni haramu ni muasi, si kafiri. Ndugu zetu Maibadhi huyaita madhambi makubwa "kufru ya neema", lakini mwenye kuyafanya hubaki na hukumu za Waislamu katika ndoa, mirathi na maziko.

Tahadhari

Usama bin Zaid (R.A) alimuua mtu vitani baada ya kutamka shahada, akidhani ameitamka kwa kuogopa silaha. Mtume (S.A.W) alimkemea vikali, akamuuliza kama aliupasua moyo wake akaona yaliyomo. Na katika Bukhari na Muslim imo habari ya mtu aliyeusia achomwe na majivu yake yatawanywe, akidhani ataepukana na adhabu ya Mola wake. Allah (S.W) alimsamehe kwa sababu alifanya hivyo kwa kumuogopa Yeye.

Kwa hiyo, ukisikia neno la kufru kwa jamaa yako, kwanza mfundishe. Huenda hajui, amekosea, au amelazimishwa. Kumhukumu mtu kwa jina lake ni kazi ya kadhi baada ya kuthibitisha, si ya barazani wala ya simu. Mtume (S.A.W) ametuonya kwamba mwenye kumwita nduguye kafiri pasi na haki, neno hilo humrudia mwenyewe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.