Taswira ya Mwili na Ulaji Uliovurugika

Taswira ya mwili ni picha ya mwili wake ambayo mtu anayo akilini, pamoja na hisia zinazomjia kila anapoiwaza. Umbo ni kitu kingine: hilo hupimwa kwa mizani na futi kamba. Mwanafunzi anaweza kukonda hadi mifupa ya mabega ikachomoza, na bado akasimama mbele ya kioo cha bweni, akabana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili na kuona mafuta. Hadanganyi. Anaona kilichomo katika taswira yake. Paul Schilder, daktari wa akili mzaliwa wa Vienna, aliiandikia dhana hii kitabu kizima mwaka 1935.

Picha hiyo hatuichori peke yetu. Kwetu, anayerudi likizo akaambiwa "umenenepa" amesifiwa, akiambiwa "mbona umepungua hivyo?" ameulizwa kama anaumwa. Miaka ya 1980 hofu ya wembamba ilizidi, pale Uganda ilipouita UKIMWI silimu kwa jinsi ulivyokondesha watu. Mwaka 1983 Adrian Furnham na Naznin Alibhai walichapisha utafiti ambamo wanawake walionyeshwa michoro ya miili, kuanzia iliyokonda kupindukia hadi iliyonenepa kupindukia. Wakenya wenye asili ya Asia waliikubali minene kuliko Waingereza; Wakenya waliohamia Uingereza wakafanana na Waingereza. Hata bila kuhama, picha hubadilika. Katika mkoa wa Nadroga, Fiji, ambako mwili mnene uliheshimiwa, televisheni ilifika mwaka 1995. Anne Becker na wenzake waliwahoji wasichana wa sekondari mwaka huo, kisha kundi jingine mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.

Kujitapisha huko, na kujinyima chakula hadi mwili uishe, ndiko tunakohitaji kukupa jina. Wengi husema "matatizo ya ulaji". Sikubaliani nalo. Mzazi akilisikia anafikiria utapiamlo, au kwamba shule inalisha vibaya. Mitaani ulaji ni nafasi ya kujinufaisha kwa mali ya umma. Nachagua "ulaji uliovurugika", kwa kuwa linaonyesha kwamba chakula huenda kipo tele ila uhusiano wa mtu nacho ndio ulioharibika. Chini yake zikae anoreksia, yaani kujinyima kupindukia, na bulimia, yaani kula kwa pupa kisha kujitapisha au kujiharisha.

Jina lisipokaa sawa, hata vipimo vinapotoka. Dodoso linalotumika sana, lenye maswali 26, lina sentensi inayomtaka mtu aseme kama mawazo yake yametawaliwa na chakula. Kwa mwanafunzi wa London mwenye friji iliyojaa, kukubali ni dalili. Je, kwa mwanafunzi anayelala na uji wa mchana? Nchini Afrika Kusini, Daniel le Grange na wenzake waliona vijana weusi wakipata alama za juu kwenye dodoso hilo, wakarudi kuwahoji ana kwa ana. Baadhi ya majibu hayakuhusu hofu ya kunenepa hata kidogo. Walikuwa wanawaza chakula kwa sababu nyumbani hakikutosha. Njaa ilikuwa imehesabiwa kama ugonjwa wa akili.

Kosa la upande wa pili lipo pia, nalo ni la hatari. Nchini Ghana, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima wasichana 668 wa sekondari na kukuta 10 waliokonda kwa kujinyima. Hawakusema wanaogopa unene. Walizungumzia mfungo na kujitawala, kwa lugha ya dini. Anayetafuta hofu ya unene tu atawapita hao, na mwili hauulizi sababu: unaokosa chakula hudhoofisha moyo, na kutapika mara kwa mara hupunguza potasiamu hadi mapigo yakavurugika.

Kwa hiyo matroni au mwalimu wa malezi anayemwona binti akisogeza sahani kila siku huku akisema "nimeshiba" asianze na mizani. Amwite faragha amuulize: "Mwanangu, chakula kikiwepo cha kutosha na hakuna anayekuangalia, utakula? Na ukishakula, nini kinakujia moyoni?"