Unataka simu isiyokuchunguza? Angalia haya kabla ya kulipa

Lindi. Pesa za korosho zikiingia, wapo Nachingwea na Ruangwa wanaokwenda moja kwa moja duka la simu. Muuzaji ataulizwa kamera na chaji. Ni wachache wanaouliza simu hiyo itapeleka wapi habari zao.

Swali hilo si la wasomi wa mjini tu. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitaja programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Wakopaji wengi wanaijua adha yake: programu inasoma namba zote ulizohifadhi, ukichelewa kulipa hadi shemeji anatumiwa ujumbe.

Wanaotaka kujilinda zaidi huondoa mfumo endeshi uliokuja na simu na kuweka mwingine usioitegemea Google. Unaojulikana sana ni LineageOS, ulioanza Desemba 2016 baada ya CyanogenMod kufungwa. Kuna pia /e/OS, na GrapheneOS uliojengwa kwa ajili ya simu za Google Pixel.

Si kila simu inakubali

Hapa ndipo wengi wanakwama. Tecno, Infinix na itel zilizojaa madukani kwa kawaida hazimo kwenye orodha za mifumo hiyo. Fundi akikwambia “naiflashi tu”, muulize faili analitoa wapi. Mfumo uliookotwa mtandaoni unaweza kuwa mbaya kuliko ule unaoukimbia.

Ukipata Pixel ya mtumba, kagua kabla pesa haijatoka mfukoni. Kwenye mipangilio, gusa namba ya muundo mara 7, menyu ya wasanidi itafunguka. Unganisha intaneti, kisha tafuta kitufe cha kufungua OEM. Kikiwa na rangi ya kijivu na hakibonyezeki, iache. Pixel nyingi zilizouzwa na mtandao wa Verizon wa Marekani ziko hivyo. Piga pia *#06# upate IMEI, itume kwenda 15090 ujue kama simu ni halali.

Siku ya kazi

Kufungua simu ili ikubali mfumo mpya hufuta kila kitu, picha na meseji zote, hivyo hamisha mapema. Andaa kebo nzima na bando, maana faili huzidi GB 1. Tumia laptop yenye chaji. Kompyuta ya mezani na umeme wa kukatika haviendani.

Baada ya hapo *150*00# ya M-Pesa itaendelea kufanya kazi kwa sababu inapita kwenye mtandao wa simu. Programu za benki ndizo zinaweza kugoma. Na usijidanganye: laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole, mnara bado unajua ulipo.

Simu yako haibadiliki?

Ingia kwenye mipangilio, fungua ruhusa za programu, zima majina, mahali na maikrofoni kwa kila isiyohitaji. Tochi haina kazi na namba za ndugu zako. Programu ya mkopo inayokataa kufunguka bila majina, ifute.

Kama taarifa zako tayari zimetumika vibaya, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakuruhusu kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi (PDPC).