Barua ya Sido

Mwaka 1928 Colette, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1873, alitoa riwaya iitwayo La Naissance du jour, maana yake kuzaliwa kwa siku. Kitabu hiki hakina visa vingi. Mwanamke wa makamo akaa peke yake kusini mwa Ufaransa, karibu na bahari, pamoja na paka, mizabibu na bustani yake. Kijana aitwaye Vial ampenda; yeye amwepuka, amwelekeza kwa msichana Hélène Clément, naye aazimia kuagana na mapenzi.

Mlango wa riwaya ni barua. Sido, mamaye Colette, amealikwa na Henry de Jouvenel, ambaye alikuja kuwa mume wa pili wa bintiye mwaka 1912. Bibi kizee akataa kwenda. Dungusi lake li karibu kuchanua. Nalo huchanua mara moja katika miaka minne, na akiliacha yamkini hataliona tena. Kwa kukataa huku mama amekuwa mwalimu wa binti: amemfunza kuutazama ulimwengu pasipo kuutamani.

Walakini barua ya asili ilipopatikana baadaye, ilidhihirika kuwa Sido hakukataa, bali alikubali. Alijua ya kuwa anaacha nyuma paka wake na mmea uliokuwa karibu kutoa maua, lakini alitaka kuuona uso wa bintiye na kuisikia sauti yake. Sido alifariki mwaka 1912, na bintiye hakuhudhuria maziko.

Binti naye hakuagana na mapenzi. Mwaka 1925 alikutana na Maurice Goudeket, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 16. Wakaoana mwaka 1935, wakaishi pamoja hata kifo chake Colette mwaka 1954.

Je, Colette alisema uwongo? Mtunzi wa riwaya hana kiapo cha shahidi, na bila ya badiliko lile kitabu kingekosa uti wake wa mgongo. Lakini badiliko hilo lilikuwa na gharama, na mlipaji ni marehemu: mama aliyeuchagua uso wa mwanawe amejulikana ulimwenguni kuwa alichagua ua. Mhakiki na aisifu riwaya kwa haki yake. Mwanahistoria hana budi kumrudishia Sido safari aliyokubali kuifunga.