Ghasia za Dakika Sifuri: Albamu Mbili za 1971

Wahakiki wenzangu, maudhui tunayapapia, fani tunaipa aya ya mwisho. Hebu tuitazame Marekani ya 1971. Mwezi Mei Marvin Gaye alitoa What's Going On, nyimbo tisa zinazoungana kama utenzi; msimulizi ni askari aliyerudi kutoka Vietnam, alikotumikia jeshi Frankie, mdogo wake Gaye. Ujumbe uko wazi, unadondoleka kirahisi kwenye mtihani. Novemba Sly and the Family Stone wakatoa There's a Riot Goin' On. Wimbo uliobeba jina la albamu uliandikiwa urefu wa 0:00. Ghasia zimetangazwa, hazisikiki! Baadaye Sly alieleza kwamba hakutaka ghasia ziwepo. Sawa, lakini bila hiyo sifuri angelisemaje? Mbona basi tunakiita kimya kile mzaha tu?