Fuvu la Mkwawa na Haki ya Maiti

Ukitoka Dodoma ukashika barabara ya kusini, ukavuka Mtera, unaingia nchi ya Wahehe. Huko mwili wa Mtwa Mkwawa umezikwa Mlambalasi, na fuvu lake limo ndani ya kioo katika makumbusho ya Kalenga. Maiti mmoja, mahali pawili.

Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliwashinda Wajerumani huko Lugalo, na kamanda wao, Emil von Zelewski, akauawa. Kalenga ilianguka mwaka 1894. Mkwawa akapigana vita vya msituni hadi 19 Julai 1898, alipojipiga risasi asikamatwe. Waliomfuatilia wakaikuta maiti, na kichwa kikakatwa.

Wachache miongoni mwetu wanajua kuwa kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliitaka Ujerumani irejeshe vitu viwili: Msahafu unaonasibishwa na Sayyidna Uthman (r.a.), uliotolewa Madina na Waturuki, na fuvu la Mkwawa. Habari za Msahafu huo ni mlango mwingine. Fuvu lilichelewa miaka 35.

Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda Bremen, katika makumbusho yaliyokuwa na mafuvu kama 2,000. Njia iliyotumika ni kulinganisha upana wa fuvu na urefu wake. Jamaa wa Mkwawa walikuwa na uwiano wa karibu 71 kwa 100, basi yakatafutwa mafuvu yenye kipimo hicho, na moja likaonekana lina tundu la risasi. Likakabidhiwa Kalenga mwezi Juni 1954, kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi.

Hapa mwanafunzi wa fiqhi atauliza: je, huu ni ushahidi? Fuvu lina mifupa 22, 8 ya kuhifadhi ubongo na 14 ya uso. Misuli iliyokuwa ikiufanya uso huo ukunjike au ucheke, ambayo kwayo mtu hutambulikana, imekwisha oza. Kipimo cha 71 wanacho watu wengi. Kwa hiyo hiyo ni qarina, si bayyina. Tundu linaipa nguvu, na sisi tunaona linatosha kwa jambo la kuzika, ingawa lisingetosha kwa jambo la kisasi.

Yako mafuvu elfu mbili mengine katika tarehe yetu. Wakati wa njaa kuu ya Misri, kuanzia mwaka 597 Hijria, tabibu Abdul-Latif al-Baghdadi aliiendea lundo la mifupa huko al-Maqs. Galen alikuwa amesema taya la chini ni mifupa miwili. Yeye akatazama vichwa zaidi ya 2,000 na kuona kuwa ni mfupa mmoja. Alisoma mifupa palepale ilipolala, wala hakuhitaji kuipeleka kabatini.

Ama kubeba vichwa, Abubakar (r.a.) alipoletewa kichwa cha kamanda wa adui kutoka Sham alichukizwa. Akaambiwa kuwa nao wanatufanyia hivyo. Akauliza kama sasa tunafuata mwendo wa Waajemi na Warumi, akaagiza asiletewe tena kichwa, barua na habari zinatosha. Al-Bayhaqi ameipokea. Na Mtume (s.a.w.) amekataza kukatakata maiti. Hadithi ya kuvunja mfupa wa maiti, katika baadhi ya riwaya, imemtaja Muumini, lakini yeye mwenyewe (s.a.w.) alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, kwa kuwa naye ni nafsi. Kwa hiyo fuvu la Kalenga, kwa maoni yetu, haki yake ni udongo, ukoo ukiridhia.

Berlin nako, utafiti uliotangazwa mwaka 2023 ulihesabu mafuvu 904 yanayonasibishwa na Tanzania. Machache sana yamepata jamaa walio hai. Siku yatakaporudi, huenda imamu akaulizwa la kufanya, maana haijulikani nani alikuwa Muislamu. Mashafii wamekwisha lisemea: waliochanganyika huswaliwa wote, na imamu akawanuia walio Waislamu miongoni mwao.