Mafao ya Wenza wa Nyumbani Kazini (Marekani)

Mafao ya wenza wa nyumbani ni stahili ambazo mwajiri nchini Marekani humpa mtu anayeishi na mfanyakazi wake kinyumba bila cheti cha ndoa. Kubwa kuliko zote ni bima ya afya, kwa kuwa Wamarekani wengi wenye umri wa kufanya kazi hutibiwa kwa bima ya mwajiri. Nyuma yake hufuata bima ya meno na macho, likizo ya kuuguza au ya msiba, na kwenye mashirika ya ndege, tiketi za bure. Hakuna sheria ya taifa inayomlazimisha mwajiri binafsi kuyatoa. Ni hiari yake, ila pale anapobanwa na sheria ya jimbo, zabuni ya mji au mkataba na chama cha wafanyakazi.

Chimbuko lake ni miaka ya mwanzo ya 1980, wakati wapenzi wa jinsia moja hawakuweza kuoana katika jimbo lolote. Mwaka 1982 gazeti la Village Voice la New York, baada ya majadiliano na chama cha wafanyakazi, lilikubali kuwakatia bima wenza wa wafanyakazi wake. Mwaka huohuo madiwani wa San Francisco walipitisha sheria ya namna hiyo, lakini meya Dianne Feinstein akaizuia kwa kura ya turufu. Berkeley, mji wa ng'ambo ya ghuba, ukatangulia mwaka 1984. Kampuni za bima zilisita. Ilikuwa miaka ya UKIMWI, na zilihofu kwamba watakaojiandikisha watakuwa wagonjwa watupu. Hofu hiyo haikutimia. Waliojiandikisha walikuwa wachache, na gharama zao hazikupishana sana na za wanandoa. Lotus iliingia mwaka 1991, Levi Strauss mwaka 1992, na mwaka 2000 Ford, General Motors na DaimlerChrysler zikatangaza kwa pamoja.

Kilichozisukuma kampuni nyingi kwa mkupuo ni sheria ya San Francisco ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika Juni 1997: anayetaka zabuni ya mji lazima awape wenza wa wafanyakazi mafao yaleyale anayowapa wanandoa. Kanisa Katoliki, lililokuwa likiendesha huduma za jamii kwa fedha za mji, lilikwama. Askofu Mkuu William Levada akapata upenyo. Mfanyakazi angetaja mtu mmoja anayeishi naye nyumba moja, awe mama, ndugu au mwenza, naye angepewa bima. Mji ukaridhika, na kanisa halikulazimika kuuliza nani analala chumba kipi.

Kazi ya kwanza ya ofisi ya utumishi ni kuamua nani ni mwenza na nani ni mpangaji mwenza tu. Kwa kawaida wawili hao hutia saini hati ya kiapo: wote wametimiza miaka 18, si ndugu wa damu, hakuna aliye na ndoa na mtu mwingine, wameishi pamoja miezi sita au mwaka, na wanasaidiana gharama za maisha. Baadhi ya waajiri hutaka pia mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, akaunti ya pamoja ya benki, au leseni za udereva zenye anwani moja; wengine hutosheka na cheti cha usajili cha mji au jimbo. Kampuni isiyomdai mume cheti cha ndoa, halafu ikamdai mwenza nyaraka tatu, inajitafutia lawama.

Ugumu wenyewe uko kwenye kodi. Sehemu ya bima ambayo mwajiri humlipia mke au mume wa mfanyakazi haitozwi kodi ya serikali kuu. Ya mwenza hutozwa, isipokuwa awe mtegemezi kwa maana ya kifungu cha 152 cha sheria ya kodi, yaani, kwa ufupi, aishi na mfanyakazi mwaka mzima na zaidi ya nusu ya matumizi yake yatoke kwa mfanyakazi huyo. Mwenza mwenye kazi yake ni nadra kufikia kipimo hicho, hivyo thamani ya bima yake huhesabiwa kama mshahara, ingawa mfanyakazi hakushika hata senti. Tuseme bima ya mwenza ina thamani ya dola 500 kwa mwezi, na mfanyakazi anachangia 100 kutoka mshahara uliokwisha kukatwa kodi. Dola 400 zinazobaki huongezwa kwenye mapato yake, sawa na 4,800 kwa mwaka. Kwa aliye kwenye ngazi ya asilimia 22, pamoja na asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na Medicare, hiyo ni zaidi ya dola 1,400 ambazo mwenzake mwenye ndoa, wa mshahara uleule, halipi. Mwaka 2010 Google ilianza kuwafidia wafanyakazi wenye wenza wa jinsia moja kwa kodi hiyo.

Mhasibu wa mishahara naye ana lake. California haiwatozi wenza waliosajiliwa rasmi na jimbo, kwa hiyo mfanyakazi mmoja huwa na hesabu mbili, ya jimbo na ya serikali kuu. Wapo wanaosahau kukata kodi hii mwaka mzima, kisha wakaikata yote Desemba, mwezi ambao hakuna anayetaka mshahara pungufu.

Zipo pia sheria ambazo hazimwoni mwenza kabisa. Sheria ya likizo ya familia ya mwaka 1993 humpa mfanyakazi hadi wiki 12 bila malipo kumuuguza mke, mume, mtoto au mzazi; mwenza hakutajwa. Mfanyakazi akiachishwa kazi, mke wake ana haki yake mwenyewe ya kuendelea na bima ya kampuni kwa kulipia, chini ya sheria iitwayo COBRA. Mwenza hana haki hiyo mpaka mwajiri aamue kumpa. Mwajiri makini huandika mapema kwenye kanuni zake iwapo atampa likizo na bima hiyo kwa hiari, asingoje mtu aje ofisini na barua ya hospitali.

Uhusiano ukivunjika, hakuna hukumu ya talaka ya kuijulisha ofisi. Kanuni nyingi humpa mfanyakazi siku 30 kutoa taarifa, kisha humtaka angoje, mara nyingi miezi sita, kabla ya kuandikisha mwenza mwingine.

Juni 26, 2015 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Obergefell, iliruhusu ndoa za jinsia moja nchi nzima. Baadhi ya waajiri wakafuta mafao haya na kuwapa wafanyakazi muda wa kuoana. Wengine waliendelea nayo, na California ilikwenda kinyume na mkondo: tangu 2020 watu wazima wa jinsia yoyote wanaweza kujisajili huko kama wenza.

Kwa Mswahili aliyeajiriwa Marekani, mkanganyiko huanzia kwenye ndoa ya nyumbani. Aliyeoa kihalali kwa kadhi Mombasa au Unguja ana mke, na amwandikishe kama mke, kwa cheti kilichotafsiriwa. Akimwandika kama mwenza atakatwa kodi asiyodaiwa. Walioishi pamoja bila cheti wana kazi zaidi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 160, huwadhania wameoana wakikaa miaka miwili na kujulikana kama mume na mke, lakini ofisi ya utumishi ya Marekani hutaka karatasi, hivyo wengi huangukia kwenye hati ya kiapo ya wenza. Mke wa pili hana mlango hapo. Majimbo hutambua ndoa ya mke mmoja, na hati ya kiapo humtaka mfanyakazi aape kwamba hana ndoa na mwingine. Watoto aliozaa naye huandikishwa kama watoto wake wengine, hadi watimize miaka 26.