Lukasa ya Baluba na kumbukumbu ya IA

Bandugu, leo tuongee historia, lakini inaanza shambani.

Miye ni agronome, naishi Kakontwe, kwenye yale mawe ya chokaa. Msimu uliopita nilikuwa nauliza programu moja ya IA kwenye telefone chokaa kiasi gani tutie katika udongo mkali wa shamba la mama mmoja. Programu ile ina kumbukumbu: ukiifunga leo, kesho bado inajua mlichoongea. Nilifurahi. Miezi ikapita, nikauliza juu ya shamba lingine, karibu na mto. Kumbe ikanipa kipimo cha shamba la kwanza, bila kusema! Kaye yangu njo iliniokoa. Chokaa ikizidi, mahindi yanakosa zinki na manganizi, na msimu wa mtu unapotea.

Pale nikakumbuka lukasa.

Wakubwa wetu Baluba, huko Upemba, walikuwa na chama cha Mbudye, kazi yake kutunza historia ya ufalme. Hawakuandika kitabu. Walikuwa na lukasa, kibao cha mti kinachoenea mkononi, kimepigiliwa shanga na simbi, ama kimechongwa alama. Msomaji alikishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha kuume juu ya shanga huku anaeleza. Shanga kubwa inayozungukwa na ndogo: mfalme na watu wake. Mstari wa shanga: njia. Nkongolo, Mbidi Kiluwe, Kalala Ilunga, wote walipita chini ya kidole kile.

Lakini shanga peke yake haisemi kitu. Wasomaji waliitwa bana balute, watu wa kumbukumbu, na mtu alipanda ngazi za chama mpaka juu ndipo aisome yote. Tena kibao kilekile kiliweza kutoa habari tofauti, kufuatana na msomaji na watu walio mbele yake.

IA inafanana na ile. Mwezi wa pili 2024 OpenAI ilianza kujaribu kumbukumbu katika ChatGPT, na kampuni zingine nazo zina za kwao. Kwa kawaida modeli yenyewe haibadiliki juu ya maneno yako. Maneno mafupi yanawekwa pembeni, halafu yanarudishwa mbele yake ukiuliza. Hizo njo shanga.

Tofauti iko kwa msomaji. Wa lukasa alisoma mbele ya watu, wanamuona, wanamjua. Programu inachagua shanga yenyewe, kimya, na kibao kiko mbali na sisi. Kukumbuka si shida tena. Shida ni nani anajua kama lile neno lingali kweli, na ni la shamba gani.

Sasa kila mwezi nafungua orodha ya kumbukumbu, nafuta ya zamani, na kila neno naliandikia tarehe na jina la shamba. Mama naye ana kaye yake nyumbani.

Na ninyi, mmeshafungua kuona programu yenu imeandika nini juu yenu?